Sushi Malindi: pa kununua samaki wa kuliwa mbichi, kuanzia pazuri hadi pa kuepuka

Kila Desemba, jamaa zetu wa Nairobi wakishuka pwani kwa likizo, naulizwa swali lile lile: sushi nzuri, ule wali wa siki wa Kijapani wenye samaki, hapa Malindi inapatikana wapi? Anayeuliza hutarajia nimtajie mkahawa. Mimi huanza na samaki. Mikahawa yetu hubadilisha wapishi msimu kwa msimu, mingine hufunga kuanzia Aprili wageni wanapoondoka, na uliosifiwa mwaka jana huenda mwaka huu ukakuta mlango una kufuli. Ukijua pa kumpata samaki aliye salama kuliwa mbichi, utajitengenezea nyumbani, na mkahawani utajua la kuuliza kabla hujaketi.

Nimefanya kazi za jikoni mjini hapa miaka mingi, na lililonifunza zaidi lilinipata nyumbani kwangu. Nilinunua jodari saa nne asubuhi kwa mchuuzi niliyemwamini. Alikuwa mwekundu, macho maangavu, hana harufu. "Wa leo huyu, mama," akaniambia, na hakunidanganya. Wala hatukumla mbichi, tulimkaanga. Haikupita saa moja, mamangu akawa mwekundu usoni kama aliyeshinda juani, kichwa kinamgonga, na mwanangu anajikuna shingo nzima. Yule jodari alipandishwa pwani asubuhi ile, ndiyo. Lakini alivuliwa jioni ya siku iliyotangulia, akalala chini ya mashua usiku kucha bila barafu.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. "Wa leo" maana yake ni kwamba ameshushwa leo. Jodari, nguru, vibua na falusi wana kitu nyamani mwao ambacho bakteria hukigeuza kuwa histamini wakikaa kwenye joto. Histamini ikishaingia haitoki: moto hauiondoi, friza haiiondoi, ndimu haiiondoi. Wakati mwingine huonja kama pilipili ulimini, wakati mwingine huonji lolote. Dawa yake ni barafu tangu samaki anapotoka majini. Kwa joto letu hili, kipimo cha kuaminika ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na si vipande vitatu vilivyotupwa juu ili mnunuzi avione.

Kwa hiyo swali langu kwa muuzaji yeyote ni hili: huyu alilala wapi? Na nimezipanga sehemu za kununua kwa kufuata jibu lake.

Ya kwanza, kwa jodari: boti za fiba zenye mashine na sanduku la barafu

Ziko boti zinazotoka nje ya mwamba na kurudi siku hiyo hiyo, zikiwa na sanduku kubwa lililojaa barafu. Si nyingi. Utazikuta bandarini hapa Malindi, na Watamu pia. Mabaharia waliowahi kufanya kazi kwenye boti za watalii wa uvuvi ndio wazuri zaidi, kwa sababu wamezoea kumwingiza samaki barafuni kabla hata hajaacha kurukaruka.

Usiende kama mpita njia. Zungumza na nahodha jana yake, umwombe mambo mawili. Kwanza, amkate jodari mashavuni mara tu anapompandisha ili damu itoke. Jodari aliyebaki na damu mwilini huwa na ladha ya chuma na nyama yake hugeuka kahawia upesi. Wajapani hutangulia kumchoma ubongo kwa msumari, wakaiita kazi hiyo ikejime, ili samaki asijitupetupe na kuichosha nyama yake. Nahodha wako asipotaka hilo la msumari, la damu linatosha. Pili, akufungulie sanduku mwenyewe uone. Tia mkono ndani. Ikiwa vidole havijauma kwa baridi, mshukuru, uondoke.

Msimu nao una neno. Agosti hadi Oktoba, kusi inapolegea, ndipo jodari wa mapezi ya manjano hupatikana vizuri upande wetu. Kaskazi huleta sulisuli na bahari tulivu. Mei hadi Julai, kusi ikikaza, boti nyingi hubaki ndani ya mwamba, na anayekuuzia jodari "mbichi kabisa" wiki ambayo bahari imechafuka ana maswali ya kujibu.

Jodari mzima wa kilo tano atakupa mnofu wa kilo mbili na nusu hadi tatu, kwa hivyo piga hesabu kwa mnofu. Nyama ya tumbo ina mafuta zaidi. Mwambie anayepasua asikutupie. Na nenda na sanduku lako la barafu. Safari ya tuktuk kutoka bandarini hadi mtaa wa Kisumu Ndogo saa nane mchana inaweza kuharibu yote nahodha aliyoyalinda.

Ya pili, na kwa samaki wasio jodari ni ya kwanza: duka lenye friza ya kweli

Najua watu wetu hawapendi samaki wa friza. Nami nilikuwa hivyo. Lakini soko la samaki la Toyosu kule Tokyo, ambalo lilichukua nafasi ya soko la zamani la Tsukiji mwezi wa Oktoba 2018, huuza jodari wengi waliogandishwa kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri, na hao ndio huliwa mbichi na Wajapani wenyewe.

Sababu ya pili ni minyoo. Samaki wa baharini anaweza kuwa na minyoo midogo ya anisakisi, na mtu akiila hai, tumbo humkata vibaya. Kuigandisha nyama huiua. Kanuni za Marekani zinataka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Za Ulaya zinataka kiasi hicho cha baridi kwa saa 24. Jodari wakubwa wamesamehewa na kanuni za Marekani kwa sababu minyoo hii ni nadra mwilini mwao. Changu, tewa, kolekole na ngisi hawakusamehewa. Ukitaka kolekole mbichi, na ni mtamu mno kwa sashimi, yaani vipande vya samaki mbichi visivyo na wali, basi agandishwe kwanza. Friji ya nyumbani yenye kijisanduku cha barafu juu haifiki huko.

Dukani angalia haya. Mfuko uwe na tarehe. Mnofu usiwe na theluji nyingi ndani ya mfuko, maana hiyo huonyesha uliyeyuka ukagandishwa tena. Halafu uliza habari ya jenereta. Umeme wa Malindi tunaujua sote. Duka lisilo na jenereta lina friza ya saa chache tu kwa siku. Mwenye duka anayeuzia hoteli atakuwa nayo, na hatakasirika ukimuuliza. Anayekasirika ameshakujibu.

Ya tatu: vijiji vya Mayungu na Ngomeni, kwa vitu vya kuchemsha

Watu wengi hawajui kwamba sushi si lazima iwe samaki mbichi. Mtindo huu tunaouona leo, tonge dogo la wali lenye kipande cha samaki juu, ulienea Edo, yaani Tokyo ya zamani, miaka ya 1820, na wapishi wa wakati ule walikuwa hawana friji. Walitia siki, walitia chumvi, walichemsha. Kamba wa sushi huchemshwa. Pweza wa sushi huchemshwa.

Na sisi kwa pweza hatufundishwi na mtu. Bamvua linapokupwa, wanawake na vijana huingia mwambani kwa miguu wakiwa na vyuma vyao, na pweza hufika ufuoni Mayungu akiwa bado anashikilia mkono. Mnunue pale pale. Mpige, mchemshe taratibu kwa maji yake mwenyewe, mwache apoe, umkate vipande vyembamba kwa kisu kikali ukikilaza upande. Juu ya wali wa siki, na ukwaju kidogo badala ya sosi ya soya, sijaona mgeni aliyebakisha sahani. Ukiwa unaanza, anza na pweza.

Kamba wa Ngomeni ni watamu. Wachomeke kijiti kabla ya kuwachemsha ili wasijikunje. Barabara ya kwenda huko si fupi. Beba barafu ya kutosha safari ya kurudi.

Changu na tafi wa huku ni wa jikoni. Wapike.

Soko la mjini na baiskeli

Sokoni nenda saa moja asubuhi, kwa samaki wa kupaka na wa kukaanga. Meza hazina barafu ya kutosha, na kinachokaa juu ya meza hadi saa tano hakifai kuliwa mbichi hata kiwe kizuri vipi machoni. Wachuuzi wa baiskeli wanatufikishia kitoweo mlangoni, na mimi hununua kwao kila wiki. Kwa sushi, hapana, kabisa.

Ukitaka kuketi ukaletewa

Mjini kwetu wa kwanza ni jiko la Kiitaliano linalouza samaki mbichi kila siku. Waitaliano wako nasi tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha kurushia setilaiti cha San Marco huko Ngomeni, na walikuja na desturi yao ya samaki mbichi aliyekatwa mwembamba, akatiwa ndimu, chumvi na mafuta ya zeituni. Jiko lenye wateja wa namna hiyo lina nahodha wake, lina barafu yake, na samaki hawakai. Huenda wasiandike sushi kwenye orodha yao. Uliza kama leo wana jodari mbichi, ule hivyo. Ni bora kuliko sushi nyingi nilizolipia.

Zinafuata hoteli za Malindi na Watamu wakati wa msimu, kwa sharti kwamba unapiga simu mchana kuuliza samaki gani ameingia. Mpishi akitaja samaki mmoja au wawili, nenda. Akisema wapo wote, baki nyumbani.

Wa mwisho ni mkahawa wenye piza, biriani, mishkaki na sushi kwenye ukurasa mmoja. Hapo anayeagiza sushi ni mmoja kwa siku, na samaki alikuwa akimngoja huyo mmoja. Angalia pia kama sushi yao yote ni ya salmoni. Salmoni si wa bahari yetu. Kila kipande unachokiona Kenya kimesafiri kutoka ng'ambo. Si dhambi kumla, ila jiko la Malindi lisilo na jodari linaniambia kwamba halina mazoea na wavuvi. Kama una shughuli Nairobi, Westlands na Kilimani kuna majiko ya Kijapani ya kweli, na salmoni kuleni huko.

Jambo moja waulize bila haya, hasa ninyi mnaochunga halali: mchele umetiwa nini? Mapishi mengine hutia mirini au sake, na zote mbili ni pombe ya mchele. Vijiti vya "kaa" vya rangi nyekundu mara nyingi havina kaa ndani, ni samaki aliyesagwa, na vingine hutiwa mirini. Siki ya mchele, sukari na chumvi vinatosha kabisa, na mpishi mwenye heshima atakuandalia hivyo ukimwambia mapema.

Kwa watakaopika nyumbani: pishori ya Mwea, pamoja na harufu yake yote, haishikani. Tafuta mchele wa Kijapani wa punje fupi. Malindi haupatikani kila siku, kwa hivyo agiza kwa mtu anayetoka Mombasa, pamoja na mwani mkavu wa kukunjia. Wali uwe vuguvugu unapoukanda, usiwe wa friji. Wasabi ya bei nafuu huwa ni mzizi mwingine uliotiwa rangi ya kijani, lakini kali ni kali, sigombani nayo.

Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mgonjwa wapewe pweza na kamba waliochemshwa, tena sahani yao iandaliwe kwanza, kwa kisu na ubao ambao haujagusa mbichi. Jodari mtoe barafuni wakati watu wameshanawa mikono, si kabla. Atakayebaki usimrudishe kwenye friji kwa ajili ya kesho. Mtie chumvi, pilipili na ndimu, umkaange usiku huo huo.