Nepenthesi: Barazani au Sebuleni?

Kwa Dar es Salaam, mimi nepenthesi, ule mmea wenye vikombe vya kunasia wadudu, ningeuweka nje. Barazani, chini ya kivuli chepesi, joto na unyevunyevu wa pwani vinaufaa, na sisimizi hujipeleka wenyewe kwenye mdomo wa kikombe, wakateleza, wakatumbukia. Shida ni jua la saa saba, linaunguza majani. Sebuleni kiyoyozi hukausha hewa. Kikombe kichanga husinyaa kabla hakijafunua kifuniko. Utanunua taa, utanyunyiza maji kila siku, utachoka. Aina za milimani, kama Nepenthes rajah ya mlima Kinabalu kisiwani Borneo, hutaka usiku wa baridi: hiyo usijisumbue nayo. Popote utakapouweka, mwagilia maji ya mvua. Ya kisima yenye chumvi huharibu mizizi.