SeaRey iliyotumika: niliyoyakagua kabla ya kutoa pesa

Nimenunua SeaRey iliyotumika, ndege ndogo ya watu wawili inayotua uwanjani na majini. Mimi ni fundi wa boti za faiba. Kazi hiyo niliianzia Tanga na ndiyo ninayoifanya hadi leo huku Florida, na leseni ya urubani nimeipatia hukuhuku. Ndege hii niliikagua kwanza kama boti, ndipo nikaikagua kama ndege, na namshauri kila mnunuzi afuate mpangilio huo.

SeaRey ni kazi ya Kerry Richter na baba yake Stanley, na iliruka mara ya kwanza mwaka 1992. Nyingi zimeundwa gereji za nyumbani: mtu ananunua vipande, anaviunga mwenyewe jioni na siku za mapumziko. Ndiyo maana SeaRey mbili za umri mmoja zinaweza kutofautiana kabisa. Unaponunua ya namna hii, unanunua mikono ya aliyeiunda. Muuzaji wa kwanza niliyemwendea alikuwa na ndege inayong'aa, rangi mpya, viti vya ngozi, lakini hakuwa na daftari wala picha hata moja ya ujenzi. Kila swali alilijibu "haijawahi kunisumbua". Nikamshukuru, nikaondoka.

Huyu wa pili ni mzee mstaafu aliyekuwa akifundisha ufundi wa mbao shuleni. Kabla sijaiona ndege, alinifungulia makabrasha: picha za kila hatua, risiti, tarehe ya kila gundi aliyochanganya, hata joto la gereji siku ile. Kulikuwa na ukurasa mzima unaoeleza mbavu moja ya bawa aliyoitupa kwa sababu tundu lake lilikaa upande. Nilipousoma huo nilijua tutafanya biashara.

Sasa tumbo la ndege. Ni la faiba, na faiba inasema ukiigonga. Chukua sarafu, gonga polepole kutoka puani hadi mkiani. Penye afya pana mlio mkavu. Palipoachana tabaka, sauti inakuwa butu. Simama zaidi sehemu tatu: mkuku, yaani uti wa chini wa tumbo, unaosagika kila ndege inapopandishwa ufukweni, pale miguu ya magurudumu inaposhika mwili, na daraja, yaani pale tumbo linapokatika ghafla ili maji yaachie wakati wa kupaa. Kwenye daraja nilikuta kiraka. Nilikipiga msasa kidogo kwa ruhusa ya mzee, nikaona nyuzi zimepishana vizuri na zimetambaa mbali na ufa. Kazi safi. Ndege imeishi kwenye maziwa ya maji baridi, na hilo ni jambo kubwa, maana chumvi ikiingia kwenye mabomba ya alumini ya mabawa inakula kimyakimya chini ya kitambaa. Niliingiza kamera ndogo ya waya ndani ya bawa kupitia tundu la ukaguzi. Mabomba yalikuwa safi, hayajaliwa.

Pima uzito. Msikubali karatasi peke yake. Tuliweka mizani mitatu, kila gurudumu juu ya mmoja. Daftari lilisema kilo 402 ikiwa tupu, mizani ikasema 419. Redio ya pili, betri kubwa na kile kiraka vilikuwa vimeongezwa bila hesabu kurudiwa. Kilo 17 ni nyingi kwa ndege ambayo kikomo chake ni kilo 621. Tukipanda watu wawili wa kilo 80, inabaki nafasi ya petroli ya lita 58 hivi, na tangi linachukua karibu lita 98. Mzee alikubali kupunguza bei bila ugomvi. Tulimaliza kwa dola 46,000.

Injini ni Rotax 912 ULS ya nguvu farasi 100, na naipenda sana. Inazunguka haraka, hadi mizunguko 5,800 kwa dakika, halafu giaboksi inaipunguzia propela kasi. Kabla ya kupima oili lazima uzungushe propela kwa mkono mpaka ulisikie tangi la oili likicheua. Asiyefanya hivyo anasoma kipimo cha uongo. Mipira yote ya mafuta, maji na oili hubadilishwa kila miaka mitano, hata kama ndege haikuruka, na hiyo ni gharama ya kuulizia mapema. Uliza pia imekunywa mafuta gani. Petroli ya ndege yenye madini ya risasi huacha uchafu kwenye oili na giaboksi. Mzee ametumia petroli ya kawaida isiyo na ethanoli karibu maisha yote ya injini hii.

Upande wa sheria kuna jambo ambalo matangazo ya kuuza hayalitaji. Aliyeiunda ndege hupewa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, cheti cha kuikagua ndege hiyohiyo kila mwaka. Cheti hicho hakihami na ndege. Mimi mnunuzi naruhusiwa kuitengeneza nipendavyo, lakini kuinunua tu hakunipi haki ya kusaini ukaguzi wa mwaka; wangu husainiwa na fundi wa ndege mwenye leseni ya mwili na injini, au na yule mzee mwenyewe. Mtafute fundi huyo kabla ya kununua. Wengi hawataki kugusa ndege ya gereji, na niliyempata alikubali kwa sababu ya yale makabrasha.

Kuirusha ni raha ambayo sijaipata kwingine. Unafungua kioo cha pembeni ukiwa hewani, unanusa ziwa chini yako. Tavares, mji ulio kando ya Lake Dora, una kituo cha ndege za majini, na kutua pale asubuhi maji yakiwa tulivu kunanifurahisha mno. Maboya madogo ya mabawani yanaishika isilale, kama marengu ya ngalawa. Lakini ina tabia zake. Injini iko juu na propela inasukuma, kwa hiyo ukiongeza nguvu ya injini pua inainama, ukipunguza pua inanyanyuka, kinyume na ndege nyingi tulizojifunzia. Na magurudumu! Ukitua majini yakiwa chini, ndege inapinduka. Kila mara natamka kwa sauti: natua majini, magurudumu yako juu. Jack Brown's kule Winter Haven wanafundisha kutua majini kwa Piper Cub za maboya, na ni shule nzuri, ila Cub hizo hazina magurudumu kabisa, kwa hiyo tabia hiyo hutoki nayo pale. Lipa mwalimu wa SeaRey yenyewe. Kampuni ya bima nayo itakudai hivyo, na bima ya ndege ya majini ni ghali kweli.

Lawama zangu: ina kelele, inahitaji vifaa vya masikioni vizuri, na boya la kushoto linaingiza maji kidogo, nalikausha kwa sifongo baada ya kila safari.

Mwaustralia Michael Smith aliizungusha dunia kwa SeaRey mwaka 2015, lakini yake ilikuwa imeandaliwa kwa safari ndefu. Hii yangu ni ya maziwa ya jirani.

Ndugu wa Mwanza na Musoma wanaoniuliza kama ingefaa Ziwa Victoria: kwenye ghuba zilizokingwa, asubuhi, naamini ingefaa, ila upepo ukishaamka na mawimbi kufika magotini, si mahali pake. Na cheti chake cha kuruka, cha kundi la ndege za majaribio, ni cha Marekani tu, hakikupi haki ya kuruka nchi nyingine bila kibali cha nchi hiyo. Anzeni kwa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, kabla hamjaniuliza bei ya kontena.