Riwaya ya Mkware na Bibi Mwenye Hadhari: Kitabu cha Kukodi, Makoroboi, Mwanza

Pembezoni mwa Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza, kipo kibanda cha vitabu vya mitumba kinachokodisha riwaya za Kiingereza kwa shilingi 1,000 kwa wiki, pamoja na dhamana ya shilingi 5,000 ambayo mteja hurudishiwa anaporudisha kitabu. Rafu ya mapenzi imejaa hadithi za Uingereza ya miaka ya 1811 hadi 1820, wakati George, mwana wa mfalme, alipotawala kwa niaba ya baba yake aliyekuwa ameugua akili. Niliyokodi haina jalada wala ukurasa wa jina, lakini anayeitaka aulizie ile iliyoshonwa mgongo kwa uzi mwekundu.

Kisa chenyewe si kigeni: lodi, yaani bwana wa tabaka la juu la Uingereza, aliyevuma London nzima kwa ukware na kamari anamwandama bibi aliyerithi mali ya shangazi yake, naye bibi hataki hata kusindikizwa hadi kwenye gari la farasi. Kinachoipa riwaya hii uzito ni kwamba hadhari ya bibi huyo si maringo. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, fedha taslimu na vitu vya mwanamke vilikuwa mali ya mumewe mara tu ndoa ilipofungwa, isipokuwa vimewekwa mapema kwa mkataba chini ya wadhamini wa kumtunzia. Sheria za kumlinda mke zilikuja mwaka 1870 na 1882, na kabla ya mwaka 1857 talaka ya kumwezesha mtu kuoa au kuolewa tena ilihitaji sheria mahususi ya Bunge. Msomaji wa hapa, ambaye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamhakikishia kwamba ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali, anaweza kumwona bibi huyo ni mgumu kupita kiasi, mpaka afike kwenye dansi ya Almack's, ukumbi wa watu wa tabaka la juu wa London. Wanacheza waltz, mkono wa lodi uko kiunoni mwake, maneno matamu yanamiminika, na bibi, bila kutabasamu, anamuuliza wadhamini wa mali yake watakuwa akina nani. Lodi anakosea hatua na kumkanyaga pindo la gauni. Ukurasa huo peke yake unastahili ile shilingi elfu moja.

Kutubu kwa lodi, kwa upande mwingine, kumeandikwa kwa haraka mno. Anaanguka kutoka kwenye farasi, anaugua, anapona akiwa mtu mwema, na wanawake aliowaharibia jina hawatajwi tena. Mama mmoja wa Kirumba, aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kukikodi, alitaka kujua kutoka kwangu kama madeni ya kamari yalilipwa kwa fedha za nani; nilimjibu kwamba mwandishi hakusema, naye akaguna kwa namna ambayo kwangu ilikuwa uhakiki kamili.

Kuhusu huduma, mwenye kibanda ni mwungwana, huandika kila kitabu kwenye daftari na huongeza muda kwa ujumbe wa simu bila kulalamika. Turubai lake, hata hivyo, linavuja, na vitabu vya rafu ya chini vimevimba kwa unyevu kiasi kwamba kurasa hunatana, kwa hiyo ni vyema kupekua chote hadi mwisho kabla ya kutoa dhamana.