Begi la Ala ya Shaba Isiyo na Begi Lake: Lipi Linunuliwe Kwanza

Mpigaji wa tarumbeta ya kawaida akitaka begi, hutaja jina la ala yake na kupewa. Mwenye ala ya shaba ya nadra, kama tarumbeta ya besi, melofoni, simbaso au tuba ya Wagner, akitaja yake huulizwa, "Ndiyo ipi hiyo?" Ala hizi hutengenezwa chache, na kila kiwanda hukunja mirija kinavyojua chenyewe. Tarumbeta ya besi ya B bemoli, kwa mfano, ina mrija wa karibu mita 2.7, sawa na trombone ya sauti ya tena. Urefu huo unaweza kukunjwa kwa namna nyingi, kwa hiyo tarumbeta mbili za besi zenye jina moja na sauti moja huenda zisiingie begi moja. Achana na jina lililoandikwa kwenye begi. Tafuta umbo.

Kabla ya kuuliza bei yoyote, tafuta boksi tupu, lifungue, lilaze sakafuni. Toa kipulizio, kile kipande cha kuwekea midomo, weka ala juu yake, kisha ichore pembeni kwa penseli iliyosimama wima. Penseli ikiinama, mchoro unaweza kutoka mdogo kuliko ala. Kata umbo hilo kwa mkasi. Sasa una kipande unachoweza kukitumbukiza ndani ya begi lolote bila kuhangaika na ala yenyewe. Juu yake andika namba tatu: urefu wote, upana wa mdomo mpana wa mbele, na unene wa ala pale kwenye vali, yaani vibonyezo vya kubadilishia sauti, ukihesabu vifuniko vya vali na pete za vidole. Namba hii ya tatu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayofanya zipu isifunge. Ongeza sentimita mbili kila upande kwa ajili ya sponji.

Kuna kipimo cha nne kwa wenye ala za mdomo mkubwa: toka ukingoni mwa mdomo hadi pale unapoanza kuwa mwembamba. Melofoni ina mdomo mpana na kiwiliwili kifupi. Begi refu jembamba litaubana ukingo, begi pana litaacha vali zikielea.

Ya kwanza: sanduku la mstatili la ala nyingine

Nazungumzia masanduku mepesi yenye ukuta wa sponji ngumu na kitambaa cha nailoni nje, yale ya mstatili, si yale yaliyofuata umbo la ala. La saksafoni ya tena ni mahali pazuri pa kuanzia kwa tarumbeta ya besi. Kwa ala fupi zaidi, angalia masanduku ya kubebea tarumbeta mbili pamoja. Kinacholipa nafasi ya kwanza ni kuta zilizonyooka: hazina matarajio yoyote kuhusu kitakachowekwa ndani. Unang'oa vigawanyio vya kiwandani, unakata vipande vya sponji yako, unavipanga mpaka ala itulie.

Sanduku lililochongwa ndani kwa umbo la ala fulani ni habari nyingine, hata kama ala hiyo inafanana na yako. Tuba ya Wagner ina umbo la yai kama bariton za Kijerumani, ala nyingine ya shaba, lakini vali zake hubonyezwa kwa mkono wa kushoto. Shimo la vali lililochongwa kwa ajili ya bariton litakuwa upande usiofaa, na sponji haigeuzwi kama soksi.

Ukishapanga, jaribu hivi. Funga zipu, simamisha sanduku, kisha ligeuze polepole juu chini. Ukisikia kitu kikigonga, ongeza sponji pale. Halafu bonyeza kwa kidole gumba kutoka nje, usawa wa ukingo wa mdomo. Ukiusikia ukingo chini ya kidole, sponji ni nyembamba mno na ukingo huo utapinda siku ya kwanza begi likiegemezwa ukutani. Vali nazo zisibebe uzito wa kitu chochote. Pistoni, kile kipande cha vali kinachopanda na kushuka, hupita ndani ya silinda yake kwa nafasi ndogo sana; silinda ikibonyea kidogo tu, pistoni inakwama, na hiyo si kazi ya kunyoosha nyumbani.

Ya pili: la kushonesha

Ukiwa na uhakika kwamba ala hii utaishi nayo, la kushonesha linaweza kulishinda la kwanza. Nimeliweka la pili kwa sababu matokeo yake yanamtegemea fundi kabisa. Fundi mzuri wa mabegi au wa viatu, mwenye cherehani ya kushona ngozi na turubai, anaweza asijue simbaso ni nini na bado akakutengenezea begi bora, mradi umempelekea lile boksi ulilokata na umemwambia ala ina uzito gani na uko upande gani. Mwambie mikanda ishonewe karibu na vali, kwenye uzito, si katikati ya begi. Mwambie pia zipu iwe na ulimi wa kitambaa kwa ndani. Meno ya zipu ya chuma hukwaruza vanishi ya ala kila unapofungua.

Bitana yake ya ndani iwe kitambaa laini cha pamba au cha nyuzi za kutengenezwa. Ala yako ikiwa imepakwa fedha, kwepa mpira na sufu, kwa kuwa vyote viwili vina salfa na fedha itageuka nyeusi humo ndani.

Ya tatu: sanduku gumu la vifaa

Haya ni masanduku ya plastiki nzito ya aina ya Pelican, ambayo huja na sponji ya vipande vidogo unavyong'oa kimoja kimoja kufuata umbo. Kwa ala inayopakiwa chini ya ndege au nyuma ya lori, sina ninachokiamini zaidi. Kwa mtu anayetembea kwa miguu au kupanda basi, ni adhabu, na ndiyo maana liko la tatu.

Tukiwa kwenye ndege: IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, hupendekeza mzigo wa mkononi usizidi sentimita 56 kwa 45 kwa 25, ingawa kila shirika lina vipimo vyake. Linganisha na boksi lako kabla ya kukata tiketi. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2012 huyataka mashirika yakubali ala ndogo ndani ya ndege ikiwa kuna nafasi ya kuiweka wakati abiria anapanda, kwa hiyo kupanda mapema kuna faida.

Ya nne: begi la kamera

Kwa ala fupi tu, kama tarumbeta ya mfukoni. Vigawanyio vyake hushikwa kwa velkro na husogezwa upendavyo. Kwa kubwa zaidi, usijisumbue.

La mwisho: la "saizi zote"

Begi linalodai kuchukua ala zote limeshonwa kwa ile kubwa kuliko zote, na yako itaogelea ndani. Blanketi la kujazia nafasi husogea; ukifika uendako, limejikusanya chini na mdomo wa ala uko wazi.

La mtumba je? Linafaa, ila kwanza finya sponji yake. Sponji ya zamani huoza ikawa unga unaonata, na unga huo ukiingia kwenye vali utajuta kwa wiki nzima. Nusa pia. Harufu ya ukungu maana yake unyevu umekaa humo muda mrefu.

Popote utakapoangukia, kipulizio kiwe na mfuko wake wenye zipu, nje ya chumba cha ala. Kikiachwa huru, huingia ndani ya mdomo mpana na kuubonyeza kutokea ndani. Kikiachwa kimechomekwa kwenye mrija, pigo moja hukikwamisha humo, na kukivuta kwa koleo huvunja maungio.