Stratford au Manchester, ningempeleka mwanangu wapi?

Zote ni shule za grammar, yaani sekondari zinazochuja wanafunzi kwa mtihani, za zamani Uingereza, na kimasomo zote ziko vizuri. King Edward VI ya Stratford-upon-Avon ni ya serikali, ada hakuna, dogo anafanya mtihani wa mchujo akifaulu ndo kaingia. Manchester Grammar, ya tangu 1515, ni ya kulipia ila wasiojiweza wanapewa basari. Sasa kwenye sanaa jamani Stratford naipenda mno, wana kundi la Edward's Boys, vijana wanaigiza tamthilia za enzi za Shakespeare na nafasi za kike wanacheza wenyewe kama zamani kabisa, na inaaminika yeye mwenyewe alisoma hapo hapo. Manchester wao wanasifika kwa kambi na safari za milimani, nayo inajenga undugu. Mimi Stratford.