Miche ya stevia kutoka kitalu kimoja cha Kericho
Miche niliyonunua ya stevia, mmea wenye majani matamu yanayotumiwa badala ya sukari, ilitokana na vipandikizi wala si mbegu, na hilo peke yake linakipa kitalu hiki sifa, kwa kuwa mbegu za stevia huota kwa shida na mimea inayotokana nazo hutofautiana sana kwa utamu. Mizizi ilikuwa imeshika vyema udongo wa viriba, majani hayakuwa na madoa, na karibu miche yote ilistawi baada ya kuhamishiwa kwenye matuta yasiyotuamisha maji. Ningeinunua tena.

Upungufu mkubwa uko katika maelekezo. Mmea huu, ambao asili yake ni Paraguay, huchanua siku zinapokuwa fupi; nasi tunaoishi karibu na ikweta, ambako mchana huwa wa takriban saa 12 mwaka mzima, huuona ukitoa maua mapema mno, na maua yakishatoka utamu wa majani hupungua. Muuzaji alipaswa kumweleza kila mteja akate ncha za matawi mapema, kisha avune mara vitumba vya maua vinapoanza kuonekana. Badala yake alizungumzia mbolea tu.

Majani yaliyokaushwa na kusagwa yana utamu mkali unaoacha uchungu kidogo ulimini, nao unafaa sana kwa chai ya rangi. Anayetarajia unga mweupe wa dukani, ulio mtamu kuliko sukari mara 200 hadi 300, afahamu kwamba huo hutengenezwa kiwandani kwa kuchuja na kusafisha viini vya utamu vilivyomo majanini.