Uzoefu wangu na akupancha: kiuno cha dereva bajaji na sindano za Wachina

Mi naendesha bajaji mwaka wa sita huu, kiuno kilianza kuuma kidogokidogo nikawa nachua, nameza diklo za maumivu, kinatulia siku mbili kinarudi. Hospitali nikapigwa eksirei wakasema pingili ziko sawa, ni misuli tu. Abiria wangu mmoja, mama mtu mzima, ndo akaniambia mwanangu nenda kwa Wachina wakakuchome. Nlicheka, maana mi sindano moja tu nakunja sura.

Basi nikaenda kliniki moja hapa Dar. Hawaanzi kuchoma moja kwa moja, niliulizwa maswali kibao, nalalaje, choo kikoje, nina presha, nina kifaa cha moyo, natumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Daktari akanishika mapigo mikono yote miwili kisha akasema toa ulimi, akauangalia vile fundi anaangalia plagi akishaichomoa.

Sasa sindano zenyewe. Hazina tundu wala dawa ndani, nyembamba kama unywele, zinatoka kwenye pakiti na zikitumika mara moja zinatupwa (hakikisha pakiti inachanwa mbele yako, usione aibu kuuliza). Kuingia ni kama mbu tu. Ila kuna kitu hakuna aliyenambia, ikishaingia anaizungusha kidogo, hapo unasikia uzito unatambaa, kama mguu ulioukalia muda mrefu. Ile ya nyuma ya goti iliurusha mguu wenyewe bila mi kutaka, nikaita mama! mzee wa kitanda cha pili nyuma ya pazia akacheka weee, haikupita muda akawa anakoroma na sindano zake mgongoni. Unalala nazo kama dakika 25 hivi.

Kosa langu siku hiyo nlienda na chai kavu tu toka asubuhi. Katikati kichwa kikawa chepesi, jasho la baridi, macho giza, daktari akachomoa zote fasta, wakaninyanyua miguu na kuniletea soda. Kwaiyo kula kwanza jamani, na vaa suruali pana, nlikua na jinzi ya kubana nikabaki na bukta mbele za watu. Na kama una mimba sema mapema, kuna sehemu hawachomi.

Bei, nlilipa 35,000 kwa mara moja. Mapokezi walinikomalia nilipie kumi kwa mpigo na juu yake pakiti za mitishamba zenye maandishi ya Kichina matupu, hapo ndo hawakunifurahisha kabisa, nikakataa nikalipia tatu.

Ya kwanza nlitoka na usingizi mzito, kesho yake kiuno kikauma kuliko mwanzo nikasema nimeshaliwa hela. Ya pili hamna kitu. Baada ya ya tatu ndo asubuhi moja nikajikuta nimeinama nafunga kamba za viatu, nimeshamaliza kiatu cha pili ndo nakumbuka kumbe nina kiuno kibovu.

Sa hivi nimefika ya sita. Hakijapona, nikipiga masaa kumi barabarani kinajikumbusha, ila wiki ya tatu hii sijagusa diklo. Na alinipa mazoezi ya kunyoosha mgongo nafanya kila usiku, so siwezi kukuapia kwamba ni sindano peke yake. Ya saba ni Jumatano, chapati mbili na maharage kwanza ndo naenda.